Bwana Kwetu Agombea Mtaa

Jina alilopewa na wazazi wake watu wa mtaa ule walishalisahau, na wengi hawakuwahi kulijua. Walimwita Bwana Kwetu, maana hakuwa na sentensi aliyoweza kuianza bila neno hilo. Alikuwa dobi. Alikuja na mkewe kutoka nchi nyingine, mimba ya binti yao ikiwa changa, wakapanga chumba cha mbele katika nyumba ya kona, wakaweka meza ya kupigia pasi, wakafunga kamba uani, na maisha yakaanza. Binti sasa alikuwa msichana wa sekondari, anaongea lugha ya pale kama maji. Baba yake bado aliiongea kama mtu anayetembea na kokoto ndani ya kiatu.

"Kwetu foleni ni foleni," alisema kila aliporudi kutoka ofisi ya uhamiaji. "Hapa mtu unamwambia simama nyuma yangu, anakuja kusimama ubavuni anakuuliza watoto hawajambo."

Au: "Kwetu fundi akisema anakuja saa nne, saa nne umemwona. Hapa saa nne ni jina la siku nzima."

Au, msimu wa kampeni: "Kwetu mwanasiasa hapiti na kipaza sauti watu wakiwa bado na povu la mswaki mdomoni."

Watu walimpenda kwa hayo. Kuna waliomletea shati ambalo halikuwa na hata doa, ilimradi wapate kumchokoza wakiwa njiani kwenda kazini. "Bwana Kwetu, nasikia jana umeme umekatika tena?" Basi hapo dobi ataweka pasi wima, atavuta pumzi, na mteja ataegemea mlango kusikiliza kwa raha zake. Mkewe, aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko yeye kwenye kola na mikunjo, alimsikiliza kwa sikio moja. Siku akichoka alimwambia, "Baba, hakuna aliyekufungia mlango. Funga mizigo twende."

"Mvua zikiisha," alijibu mumewe.

Na mvua zilikuwa zimeisha miaka na miaka.

Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi, na mtaa mzima ulikuwa umeshikwa na homa yake. Kuta zilijaa picha za watu wanaotabasamu. Ndani ya chumba cha dobi, wateja walibishana juu ya mbunge, juu ya diwani, juu ya barabara iliyoahidiwa na daraja lililosahauliwa, hadi mashati yakapigwa pasi mara mbili kwa sababu dobi naye alijisahau akisikiliza. Katikati ya kelele hizo ndipo shemeji yake akaja kutoka kwao.

Huyu alikuwa kaka mkubwa wa mkewe, mtu wa ofisi maisha yake yote, mwenye suruali yenye mstari ulionyooka na masharubu yaliyochongwa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuwatembelea. Bwana Kwetu alifurahi kupita kiasi. Hatimaye, alijiambia, amepata mtu wa kumwelewa. Siku ya kwanza wawili hao walikaa barazani wakaisema nchi ile kuanzia vichochoro hadi serikali, kama wavulana wawili wanaotafuna muwa mmoja.

Siku ya pili shemeji aliendelea. Siku ya tatu alikuwa bado hajachoka. Alilalamikia vumbi, alilalamikia bei, alilalamikia jinsi watu wanavyosalimiana hadi mtu unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Alipopelekwa benki na dobi na binti yake kubadilisha pesa na kukuta foleni imejipinda hadi nje, alitamka kwa sauti, kwa lugha ya kwao, kwamba watu hawa hawana akili timamu. Mzee aliyekuwa mbele yake aligeuka na kuuliza mgeni anasemaje.

"Mjomba anasema watu wa hapa wana subira sana," binti alitafsiri.

Mzee akafurahi, akamsogeza shemeji mbele yake. Shemeji akaona hilo pia ni kasoro. "Unaona? Hata foleni yao hawaiheshimu."

Bwana Kwetu alianza kuhisi kitu kama unyoya wa kuku kooni. Hakujua ni nini. Alikohoa, haukutoka.

Kesho yake umeme ulikatika pasi ikiwa juu ya koti jeupe la Mama Dawa. Mama Dawa ndiye mwenye duka la dawa upande wa pili wa barabara, mwanamke mnene, mcheshi, aliyekuwa akigombea uenyekiti wa kamati ya mtaa. Alikuwa amesimama pale pale akisubiri koti lake huku akimsema diwani.

"Nchi gani hii?" shemeji aliuliza, akiitazama taa iliyozimika.

"Tulia," dobi alisema. Alichomoa pasi ya umeme, akatoka uani. Kabla hajawasha jiko, jirani wa nyuma alikuwa ameshainua beleshi juu ya ukuta, limejaa makaa yanayowaka. Hakuna aliyemwomba; alikuwa ameona taa imezimika. Bwana Kwetu aliyatia kwenye pasi ya mkaa, akarudi, akaendelea na kola palepale alipoishia.

Mama Dawa naye hakuwa amekatiza hotuba yake. "Diwani wetu ni mwongo," alikuwa anasema, "na akija kwenye mkutano nitamwambia hivyo hivyo, anitazame machoni."

Binti alipomfasiria mjomba wake maneno hayo, shemeji alitazama mlangoni, kisha dirishani. Alingoja Mama Dawa aondoke na koti lake. "Anaongea hivyo mchana kweupe? Mlango wazi?"

"Ndivyo wanavyoongea," alisema dobi.

"Hawana adabu. Kwetu huwezi kusikia mtu anamwita kiongozi mwongo."

Ule unyoya kooni ukatoka. "Kwetu huwezi kusikia," alisema Bwana Kwetu polepole, "kwa sababu tulikuwa tunafunga dirisha. Umesahau? Marehemu baba yenu alikuwa akitaka kusema mvua imezidi, anafunga dirisha kwanza, wasije wakasema analaumu serikali."

Mke wa dobi alikuwa anakunja shuka; mikono yake ikasimama.

"Mimi hapa," dobi aliendelea, na sasa hakuweza kujizuia, "tangu nifike nalalamika. Nalalamikia umeme, nalalamikia diwani, nimemlalamikia hata ofisa wa uhamiaji mbele ya dirisha lake. Alicheka. Alisema, 'Mzee, hilo la foleni hata mke wangu hulilalamikia.' Halafu akanigongea muhuri. Makaa yale umeona yametoka wapi? Unajua huyu binti alizaliwa siku ya mafuriko, na aliyembeba mama yake mgongoni hadi hospitali ni nani? Ni muuza magazeti wa hapo kona, ambaye nilikuwa nimegombana naye asubuhi yake."

"Mbona unakuwa mkali?" shemeji aliuliza. "Si haya haya ulikuwa unayasema wewe barazani?"

"Nayasema mimi," alisema dobi. "Wewe umekuja juzi."

Mkewe aliinamisha uso kwenye shuka. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na haikuwa kwa kilio.

Mkutano wa mtaa wa kumchagua mwenyekiti wa kamati ulifanyika Jumamosi mchana kwenye uwanja wa shule ya msingi. Watu walitoa madawati nje, wakakaa magoti yakiwagusa kidevu, kwa kuwa madawati yalikuwa ya watoto wadogo. Katika kura za nchi wageni hawakuwa na sauti, lakini kamati ya mtaa ilikuwa na sheria yake: anayelala mtaani hapo na kutupa taka zake hapo, anapiga kura. Bwana Kwetu alikuwa na haki hiyo miaka yote, ila hakuwahi kuitumia. Siku zote alisema hayo ni mambo ya wenyewe. Safari hii alikwenda kwa sababu shemeji alitaka kuona vurugu kwa macho yake.

Vurugu hazikukosekana. Diwani alikuja, Mama Dawa akamwita mwongo akiwa amemtazama machoni, diwani akajibu, watu wakapiga makofi pande zote mbili. Kisha ikaja habari ya mtaro. Mtaro mkubwa wa mtaa ulipita nyuma ya ua wa dobi, na ulikuwa umeziba tangu msimu uliopita. Kila alipoanika mashuka ya hoteli, harufu yake ilipanda kuyanusa. Mtu mmoja alisimama akasema mtaro si tatizo kubwa, unaweza kungoja mwaka mwingine.

Bwana Kwetu alijikuta amesimama.

"Kwetu," alianza, na uwanja mzima ukaguna kwa furaha, "kwetu mtaro ukiziba, watu hawangoji mwaka mwingine. Wanakunja suruali."

"Kwenu wapi, Bwana Kwetu?" muuza magazeti aliuliza kutoka nyuma. "Tupeleke basi tukaone."

Dobi alifungua mdomo. Kule alikotoka hakukuwa na mtu aliyekunja suruali. Kule watu walingoja amri kutoka juu, na hata maji yakiingia vitandani waliendelea kuingoja. Waliokunja suruali aliwaona mahali pamoja tu, siku ya mafuriko, binti yake anazaliwa.

"Hapa," alisema. "Nasema kwetu hapa."

Kilikuja kicheko, kisha vifijo, na mtu akapaza sauti kwamba Mama Dawa anakwenda bila mpinzani na hilo si jambo zuri, basi dobi naye agombee. Mwingine akaunga mkono. Kabla Bwana Kwetu hajajua la kusema, alikuwa amesukumwa hadi kwenye mlingoti wa bendera, Mama Dawa amesimamishwa kwenye bomba la maji, na watu wameambiwa wapange mstari nyuma ya wamtakaye.

Muuza magazeti alikuja kwake. Mzee wa ile foleni ya benki alikuja. Jirani wa makaa alikuja na familia yake yote. Bwana Kwetu alisimama kidevu juu, moyo unamdunda kama wa bwana harusi. Kisha akamwona mkewe. Alikuwa anakatiza uwanja, kanga ameifunga vizuri kiunoni, anatembea taratibu kama mtu asiye na haraka. Akapita mlingoti. Akaenda akasimama nyuma ya Mama Dawa.

Uwanja ulilipuka. Mama Dawa mwenyewe alishika bomba asianguke kwa kucheka.

Shemeji, kwa aibu ya familia, aliona lazima afanye kitu. Alivuka uwanja kwa hatua za mtu wa ofisi, akajipanga mkiani mwa mstari wa dobi. Msimamizi wa kura akamfuata na kumuuliza analala wapi. Shemeji, bila kuelewa, akatabasamu.

Bwana Kwetu akageuka. "Huyo mgeni," alimwambia msimamizi. "Mwondoe. Uchaguzi uwe wa haki."

Alishindwa, tena kwa mbali. Lakini mstari wake ulikuwa umefika hadi kwenye lango la shule, na alipoutazama alishindwa kuamini kwamba ni wake. Walipomtaka aseme neno alisema tu kwamba amekubali matokeo, na kwamba bomba lile pia linavuja. Mama Dawa alipewa nafasi, na neno lake la kwanza kama mwenyekiti likawa kwamba mkuu wa kazi ya mtaro ni dobi, kwa kuwa ndiye mwenye pua iliyoteseka.

Njiani kurudi nyumbani alitembea kando ya mkewe mpaka walipofika kona.

"Mke wa ndoa," alisema. "Mbele ya watu."

"Ningekupigia wewe, na wengi wangenifuata, ungeshinda," alisema mkewe. "Ungeshinda, ungemlalamikia nani?"

Alijaribu kununa. Alinuna hadi mlangoni, hapo kicheko kikamponyoka, na mkewe akamshika mkono kama zamani walipokuwa wachumba.

Jumamosi iliyofuata mtaa mzima ulishuka mtaroni na majembe, mabeleshi na ndoo. Bwana Kwetu alikuwa huku na huku, akifoka, akisahihisha, akipokea ndoo. Shemeji, ambaye alikuwa ameahirisha safari yake bila kutoa sababu, alivua viatu, akaivuruga mistari ya suruali yake kwa kuikunja hadi magotini, akaingia. Hakuna aliyemwomba. Matope yalimrukia hadi masharubuni, na muuza magazeti akampa kitambaa ajifute. Walifanya kazi bega kwa bega hadi jua likawa utosini, mmoja haelewi la mwenzake, na wote wawili wakiongea mfululizo.

Tope la mwisho lilipotolewa, maji yalisita, yakazunguka kama yanayotafuta njia, kisha yakaondoka kwa mkupuo. Watoto walikimbia kuyafuata. Bwana Kwetu aliitazama ndoo mikononi mwake, akaiweka chini, naye akawafuata mbio pembeni mwa mtaro, peku, kupita duka la dawa, kupita shule, hadi kule mtaa unakoishia ambako hakuwahi kufika tangu ahamie, aone maji yanakwenda wapi.