Motokari ya Mjane wa Base

Nyembo Urbain hakutaka motokari ya kuringia. Alitaka chuma kizee kisichokufa njiani. Mke wake, Mbombo, alinunua samaki Bukama na kuwauza Kamina, na treni, ambayo Nyembo aliitumikia tangu ujana wake mpaka mvi, siku hizi ilikuja ilipojisikia. Mara ngapi samaki walimwozea Mbombo kwenye gare, kituo cha treni cha Bukama, naye amekaa juu ya vikapu akifukuza nzi!

"Weye ulitumika ku reli maisha yako yote," Mbombo alimwambia, "lakini reli haitutumikie siye. Tafuta motokari."

Akatafuta. Mjini alionyeshwa moja inayong'aa kama sahani ya harusi. Alipofungua boneti, mafuta yalikuwa yakitiririka kila upande. Nyingine haikuwaka mpaka mtaa mzima uisukume. Alikuwa karibu kukata tamaa, ndipo mtu wa kanisani akamwambia kwamba kule Base, kambini kwa askari, kuna mjane anayeuza Corolla ya marehemu mumewe.

Mjane huyo aliitwa Sylvie, mtu wa Boende, kule Équateur, mbali kaskazini. Ndoa ya kijeshi ndiyo iliyomleta Kamina. Nyembo alimkuta mbele ya nyumba, kichwa amenyoa, kitenge cheusi kiunoni, binti yake Plamedi amemwegemea. Mume wake, sajini Bokungu, alipelekwa vitani mashariki. Kisha rafiki yake mmoja akapiga simu: lori lao limechomwa moto, hakupona mtu. Matanga yalifanywa bila maiti.

Motokari yenyewe ilikuwa nyeupe iliyogeuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku, na mlango mmoja wa nyuma ulikuwa wa kijani, umetoka kwenye motokari nyingine. Lakini Nyembo alipozungusha ufunguo, iliitika papo hapo. Akaiacha ingurume, akalala chini kuitazama tumbo, akaiendesha mpaka karibu na uwanja wa ndege na kurudi. Hakuna kikohozi, hakuna moshi.

"Mama, juu ya nini unaiuzisha bei ya chini vile?" akauliza.

"Sitaki kubakia tena huku, baba. Nataka kurudisha batoto kwetu." Sylvie alitabasamu kidogo, kisha akalifuta lile tabasamu kwa ncha ya kitenge. "Bokungu aliipenda kupita minyi, muke wake. Uichunge."

Walipatana. Lakini Nyembo alirudi nyumbani moyo ukimuuma, kana kwamba amenunua machozi ya mtu. Ndiyo maana aliahidi kwamba siku treni ya kwenda Ilebo, njia ya kwao, itakapopita, atakuja mwenyewe kuwapeleka gare, yeye Sylvie na watoto na mizigo yao.

Habari zikaja kwamba treni imeshapita Bukama. Asubuhi Nyembo alikuwa Base. Majirani walilia, wakakumbatiana, wakaacha, wakakumbatiana tena. Godoro likafungwa juu ya motokari, masufuria yakajazwa nyuma, Plamedi akakaa kando ya mlango wa kijani na mdogo wake akapakatwa na mama. Walipotoka kambini, watu wa baiskeli waliotoka mjini waliwapigia kelele: treni imefika, iko gare, harakisheni!

Hawajafika hata nusu ya njia, mtu akasimama katikati ya barabara, mikono juu. Alikuwa mwembamba, shati limempwaya, mfuko wa plastiki begani. Nyembo akapiga honi. Yule mtu hakutikisika. Nyembo akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, motokari ikasimama karibu kumgusa magoti.

"Shuka!" mtu yule alipiga kelele, akigonga boneti kwa kiganja. "Hii motokari ni yangu! Nani alikupa ufunguo? Mwizi weye!"

Nyembo akawaza: mlevi. Akashusha kioo ili amjibu kwa upole. Ndipo aliposikia nyuma yake sauti ambayo hajawahi kuisikia kwa mwanadamu. Haikuwa kilio, ilikuwa kama mtu aliyevuta pumzi, kisha pumzi ikakataa kutoka. Akageuka. Sylvie alikuwa akipandisha kioo chake, mkono ukimteleza.

"Enda, baba Nyembo! Enda! Usimuangalie! Ule alikufa!"

Nywele zilimsimama Nyembo. Sala zote alizozijua zilimkimbia. Mguu ukateleza kwenye pedali, motere ikazimika.

Mtu yule akaja dirishani, akachungulia ndani. Aliona kitenge cheusi. Aliona kichwa kilichonyolewa. Hasira ikamtoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye ndoo iliyotoboka.

"Sylvie? Nani alikufa? Ni mama njo alikufa?"

Akagonga kioo cha nyuma.

"Sylvie, niambie. Nani alikufa?"

"Weye," Sylvie alisema nyuma ya kioo. "Ni weye njo ulikufa."

Bokungu alijitazama. Alitazama miguu yake, akatazama mkono wake wa kushoto ambao sasa ulikuwa na vidole pungufu. Kisha akakaa chini, pale pale kwenye vumbi.

Mlango wa kijani ukafunguka. Kabla mtu hajamzuia, Plamedi alikuwa amezunguka motokari, amesimama mbele ya yule mtu. Akanyoosha kidole, akamgusa shingoni, akakitazama kidole.

"Mama," akasema, "ni papa. Iko na jasho."

Hapo Sylvie alishuka. Hakumkumbatia. Alimpiga kifuani kwa mikono miwili, akampiga tena, huku akipiga kelele: "Tulikulilia! Nguo zako zote niligawa! Ulikuwa wapi?"

Alikuwa ameruka kutoka kwenye lori kabla halijawaka. Akashikwa, akafichwa msituni, akatoroka, akalazwa ng'ambo ya mpaka. Alikuwa na namba moja tu kichwani, ya Sylvie, na Sylvie alikuwa ameitupa ile namba, maana kila simu ilipoita alishtuka akidhani ni Bokungu. Asubuhi hiyo Bokungu alishuka kwenye treni ile ile iliyokuwa ikimsubiri mke wake.

Wakarudi Base. Wanawake waliokuwa wakichota maji waliangusha bidoni zao na kukimbia. Jirani aliyelia kuliko wote asubuhi alianguka mlangoni pake. Ndani ya nyumba hakukubaki kitu; Bokungu alisimama katikati ya chumba, akishika msumari ambapo sare yake ilikuwa ikining'inia.

Nyembo alimpa ufunguo. "Ndugu, chukua motokari yako. Mambo ya makuta nililipa, tutasemezana kiisha."

Bokungu alitikisa kichwa. "Hapana, baba. Muke wangu aliuzisha. Nikiirudisha kwangu, ni kama namufanya mwongo, na yeye alinililia kweli. Uniache nikae mu ndani tu, kidogo."

Akaketi nyuma ya usukani. Alijaribu kushika gia kwa ule mkono wa kushoto. Vidole vilivyobaki vikakataa. Akaweka paji la uso juu ya usukani, na honi ikaanza kulia, ikalia bila kukatika. Kambi nzima ilisimama kusikiliza. Hakuna aliyethubutu kwenda kumwinua.

Nyembo aliporudi nyumbani, Mbombo alikuwa akisonga bukari. "Treni ilimubeba mama Sylvie?"

"Hapana. Ilimuletea bwana yake."

Mbombo aliacha mwiko ndani ya sufuria. Alimtazama mumewe usoni muda mrefu, akamgusa kama ana homa.

Motokari ile inakwenda Bukama na kurudi mpaka leo, haijawahi kumlaza Nyembo njiani. Nywele za Sylvie zimeota. Siku moja alikuja kununua samaki kwa Mbombo, na Mbombo akamuuliza kama sasa amezoea kuwa na bwana yake tena.

"Nikimuona, nimezoea," Sylvie alisema. "Lakini akitoka inje hata kidogo tu, moyo wangu unaanguka. Nasema: ah, nililota ndoto tu." Akafunga samaki wake kwenye kitambaa, na kabla hajamaliza fundo alikuwa ameshaanza kuondoka, anatembea upesi upesi kuelekea nyumbani.