Viatu vya Bosi

Sanduku la mwezi huo lilifika asubuhi, fundi viatu akiwa amebana kiatu cha mteja kati ya magoti na uzi mdomoni. Mleta mizigo aliegesha pikipiki mbele ya kibanda, akasoma jina lililobandikwa juu ya sanduku, akauliza kama alivyozoea, "Bosi yupo?"

"Hayupo," fundi alisema.

"Basi nisainie wewe, mama Bosi."

Akasaini. Nguvu za kugombana na mleta mizigo zilikuwa zimemwishia zamani, na yule kaka naye alikuwa anatafuta riziki tu.

Bosi lilikuwa jina la tumboni. Mimba ilipokuwa kubwa, mtoto alirusha mateke kila fundi alipokaa kupumzika, mumewe akasema huyu si mtoto, huyu ni bosi, hataki kuona mtu amekaa bure. Siku hizohizo likaja tangazo kwenye simu: sanduku la mtoto kila mwezi, nepi, nguo na viatu kulingana na umri wake, la kwanza bure. Kulikuwa na kitufe kikubwa cha kijani. Palipotakiwa jina la mtoto fundi aliandika Bosi, akabonyeza, wakacheka wote wawili. Sanduku la bure likafika. Bosi akazaliwa wiki ileile, kimya, wakamzika kesho yake.

Masanduku hayakukoma. Kampuni ilijikatia pesa yenyewe kwenye simu ya fundi, kabla hata mwenye nyumba hajabisha hodi.

Kujiunga kulikuwa kubonyeza tu. Kujitoa, mtihani. Kitufe cha kujitoa hakikuwepo popote; ilibidi upige simu na kusikiliza muziki mpaka salio likauke. Siku alipompata mtu, dada mmoja mwenye sauti tamu alimwuliza sababu ya kuondoka. Sababu alizokuwa nazo kwenye mfumo ni kwamba bei imekushinda, au umehamia kampuni nyingine, au mtoto amefikisha miaka mitano.

"Mtoto wangu alifariki," fundi alisema.

"Pole sana, mama. Hiyo haipo. Nikuwekee ipi?"

"Weka hiyo niliyokwambia."

"Haipo, mama. Ila kwa kuwa wewe ni mteja wetu mpendwa, naweza kukupa punguzo kwenye nepi."

Fundi alikata simu. Watu gani hawa, jamani? Hata kibaka akikuta nyumba ina msiba hupita mbali.

Miezi ilivyosogea, nguo zikaanza kuja zimevaliwa. Fulana ilikuwa na maziwa begani. Suruali ilikuwa imepauka magotini kwa kutambaa. Mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao, alizifua akazianika pamoja na za wengine.

"Huyu anacheua sana," alisema. "Baba yake alikuwa hivihivi."

Kisha vikaja viatu. Vilikuwa vyekundu, vya kamba, na vilitoka kwenye sanduku vikaelekea jikoni. Vilijikwaa kwenye kizingiti, vikaanguka, vikasimama, vikaendelea. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Alivitazama vikipita mbele yake.

"Haya, ameanza kutembea," alisema. "Ila anakanyaga upande, kama babake."

Mume alikuwa mlinzi wa benki, mtu wa kusimama kutwa nzima. Aliporudi kutoka kazini alivikuta mlangoni vinamngoja. Akavua vyake, akavipanga kando ya vile vidogo. Jirani wa chini alipanda kulalamikia vishindo; alipoelezwa akasema basi yaishe, watoto ndivyo walivyo.

Fundi peke yake ndiye aliyekataa kuvitazama. "Hivyo ni viatu vya kampuni," alisema. "Mwanangu najua nilipomzika." Vikija kusimama kando ya kiti chake aligeuza uso kuelekea ukutani. Hakuwa na ugomvi na viatu. Ugomvi wake ulikuwa na watu walioingia nyumbani kwake kupitia simu, wakaambiwa tokeni, wakakataa kutoka, na sasa walikuwa wanataka aizoee hiyo jeuri yao.

Lakini mkono wa fundi hauna adabu. Jumapili moja alikikuta kiatu kimoja kimelala ubavu karibu na kitanda, kisigino kimelika kwa nje, mbele kimeachama. Hajawahi kukipita kiatu kilichoachama. Kabla hajajijua alikuwa amekibana magotini, ameng'oa soli ya zamani, amepaka gundi, amekata soli mpya na kuishona kotekote. Akakichukua na cha pili asije mtu akachechemea. Alipoviweka chini, viatu vilimzunguka, kisha vikapanda juu ya miguu yake vikatulia hapo. Fundi alilia mpaka mama mkwe akaja kumshika mabega.

Mwezi huo kampuni ilikata mapema, na pesa ya kodi ikapungua. Mume akavumilia akashindwa.

"Mke wangu, tutatupiwa vyombo nje," alisema. "Nenda ofisini kwao mkamalizane."

Masharti ya kampuni yalisema anayejitoa arudishe bidhaa ya mwisho kama ilivyokuja. Fundi akavitia viatu kwenye mfuko, akavaa gauni lake la maana, akaenda.

Ofisi ilikuwa ghorofani, ina vioo, baridi na maua ya plastiki. Afisa aliyempokea alikuwa na tai na tabasamu la kazini.

"Nimemsikia mwanasheria redioni," fundi alianza kabla hajakaa vizuri. "Amesema mteja ana haki ya kujitoa kwa urahisi uleule aliojiunga nao."

"Ni kweli kabisa, mama. Haki anayo, hatujamzuia mtu."

"Basi nitoeni. Mwanangu alikufa, na nyinyi mnanikata pesa mwaka mzima."

Akafungua mfuko. Viatu vikashuka juu ya meza, vikapita kati ya makaratasi na kusimama kwenye ukingo. Afisa akakiinua kimoja, akakigeuza kutazama soli.

"Hiki kimetengenezwa."

"Nimekitengeneza mimi. Ndiyo kazi yangu."

"Kwani kilikuwa na nini?"

"Soli ilikuwa imeisha."

"Nani aliyeimaliza?"

Fundi aliitazama soli mkononi mwa afisa. Kila siku alikuwa akisoma soli za watu: huyu anabeba mizigo, yule mguu mmoja mfupi. Alijua vizuri amesema nini.

"Mtoto yupo, mama," afisa alisema kwa upole. "Sababu yako imeanguka."

"Ebo! Nilipolia kwamba amekufa mlisema sababu hiyo haina nafasi. Leo ndiyo imepata nafasi, ili mnikatalie?"

"Hatumng'ang'anii mtu." Akakirudisha kiatu mezani, akageuza kioo cha kompyuta. Palikuwa na kitufe kidogo cha kijivu, ambacho fundi alikuwa amekitafuta tangu azike. "Bonyeza hapo, tunaacha kukata leo hii. Viatu vitabaki hapa, na aliyemo."

Akafungua kabati nyuma yake ili kutengeneza nafasi. Rafu zilijaa viatu vidogo, pea kwa pea, hadi juu. Vingine vilikuwa vinapigapiga mbao polepole, kama mtoto aliyekalishwa mahali akachoka.

"Vya wateja waliojitoa," afisa alisema.

Fundi alilitazama kabati. Akakitazama kitufe. Viatu vyekundu vilikuwa vimeshuka mezani, vimemkalia mapajani, na kamba moja ilikuwa imefunguka.

"Nyinyi ni wezi," alisema. "Mwizi wa kawaida anavizia ulale. Nyinyi mnampakata mwana wa mtu, kisha mnamwambia mama yake alipie."

"Maoni yako yamepokelewa."

"Yapokee vizuri. Wezi, na aliyewazaa ana kazi ya kuomba msamaha."

Akainama, akaifunga ile kamba mafundo mawili, akavishusha viatu sakafuni.

"Kwa hiyo mama anaendelea na huduma?" afisa aliuliza, vidole vikiwa tayari juu ya kompyuta.

"Namba hii imeanza kumbana. Mwezi ujao mlete kubwa. Mkileta ndogo, haki ya Mungu nitarudi kulivunja hilo kabati kwa nyundo yangu mwenyewe."

"Naandika: namba kubwa," afisa alisema, akaandika.

Walipokuwa kwenye ngazi simu ikalia. Kampuni ilikuwa imekata ya mwezi ujao, ile iliyobaki ya kodi, na chini yake imeandika asante kwa kuendelea kutuamini. Fundi aliwatukana kwa sauti, pale pale, mpaka waliokuwa wanapanda wakampisha. Kisha akaendelea kushuka polepole, ngazi moja moja, kwa sababu Bosi alikuwa bado hajajua kushuka.