Kekeo wa Heino

Asubuhi ya tarehe nne Mei, Heino alipewa tonge lake la mkate mweusi akiwa bado kitandani. Kisiwani Hiiumaa hakuna mtu wa rika lake anayethubutu kutoka nje na tumbo tupu wakati kekeo wanaporudi. Ukimsikia kabla hujatia kitu kinywani, ndege huyo amekwisha kukudanganya, na mwaka wako mzima utakwenda kombo.

"Tafuna vizuri, usije ukapaliwa," mkewe, Salme, alimwambia.

"Wiki hii atakuja, utaona. Yule hapitishi tarehe tisa."

Salme akajifanya anakunja shuka. Alijua vizuri kwa nini kekeo yule hapitishi tarehe tisa. Kekeo yule alikuwa yeye.

Mambo yalianza miaka sita nyuma, Heino alipopatwa na kiharusi. Maisha yake yote alikuwa mpima misitu, na tangu mwaka 1979 aliandika katika daftari la kijani siku aliyomsikia kekeo wa kwanza, kisha akaipeleka kwa chama cha watazama ndege huko bara. Mwaka ule alirudishwa kutoka hospitali mkono wa kushoto ukining'inia, akawa anashinda kwenye benchi mbele ya sauna, kibanda chao cha kuogea kwa mvuke, anasikiliza. Wiki mbili zikapita, kekeo kimya. Heino akaacha kula.

"Kama hata yeye amenisusa," alisema, "basi."

Salme hakuipenda ile "basi". Asubuhi moja alivaa mabuti ya mpira, akazunguka nyuma ya vichaka vya kinamasini, akakutanisha viganja vyake na kupuliza kati ya vidole gumba kama baba yake alivyomfundisha utotoni. Ku-kuu. Ku-kuu. Mara kumi na moja. Alipochungulia kati ya matawi alimwona mumewe amejiziba uso kwa mkono wake mzima, mabega yakitikisika. Mchana ule Heino alikula sahani mbili za viazi na samaki.

Mwaka uliofuata Salme alingoja kwa haki kabisa. Ndege hakuja, akaenda tena kinamasini. Miaka iliyofuata hakungoja sana.

Sasa, siku ile ile ya tarehe nne, gari dogo jeupe lilisimama uani. Akashuka msichana aliyeitwa Kerttu, mtafiti wa kile chama cha ndege, mkoba begani na uso umejaa furaha.

"Mzee Heino, shikamoo. Nimekuwa nikizisoma barua zako tangu nianze kazi," alisema. "Kisiwani hapa kekeo wanazidi kupungua, lakini wa kwenu anarudi kila mwaka, tena kwa tarehe zake. Tunataka kujua ana siri gani."

"Siri yake ni adabu," Heino akajibu. "Hajalelewa mjini."

Kerttu akacheka. Alitoa kinasa sauti kisichozidi ukubwa wa mkate, akasema kitakuwa kinasikiliza mchana kutwa hadi mwezi wa sita. Heino akamwongoza kwa mkongojo wake hadi kinamasini. Salme, aliyewafuata nyuma, alimwona msichana akikifunga kinasa kwenye shina lile lile ambalo yeye huegemea.

"Mama, mbona umepauka?" Kerttu aliuliza.

"Ni baridi tu, mwanangu."

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Kila alfajiri Heino alimeza tonge lake na kwenda kwenye benchi. Salme akipuliza, mashine ingemnasa. Asipopuliza, angemtazama mumewe akinyauka kama mwaka ule. Tarehe tisa ikapita, na ya kumi na moja. Heino alianza kurudisha sahani zikiwa na chakula.

"Labda ni mimi," alisema tarehe kumi na tatu wakati wa chakula cha mchana. "Labda masikio yangu ndiyo yamekufa. Wewe hujamsikia?"

"Sijamsikia."

"Hata kwa mbali?"

Salme akaweka kijiko chini. "Heino, masikio yako hayana tatizo. Hakuna kekeo. Ni miaka hakuna kekeo. Nilikuwa ni mimi."

Alimweleza yote, macho yake mezani. Heino alisikiliza bila kumkatiza.

"Miaka mingapi?"

"Sita."

"Yote sita?"

"Yote."

"Na siku ile niliyolia," Heino aliuliza taratibu, "ulikuwa unaniona?"

Salme angeweza kudanganya mara moja zaidi. "Nilikuona."

Heino akainuka. Alilichukua daftari la kijani na kuikata miaka sita kwa rula, mstari mmoja mmoja, mkono mzito ukiishikilia karatasi kwa shida. Kisha akampigia simu Kerttu yeye mwenyewe. Salme alisikia upande mmoja tu wa maongezi: "Ifute... Hapana, ndege hakuwepo... Mke wangu, ndiyo... Ile ya zamani ni ya kweli." Akatazama kurasa za mwanzo. "Nadhani ni ya kweli," akaongeza.

Jioni ile alibeba mto wake akaenda kulala kwenye chumba cha kuvulia nguo cha sauna.

"Nilitaka ule, mume wangu," Salme alimwambia mlangoni. "Ulikuwa unakufa."

"Ungeniacha nichague mwenyewe."

"Uchague kufa?"

"Nichague cha kuamini," alisema, akavuta mlango.

Waliishi hivyo karibu wiki nzima. Salme alimpelekea tonge lake kila asubuhi. Alikuta la jana halijaguswa.

Tarehe kumi na tisa alipanda basi kwenda dukani kununua unga na mbegu za karoti. Maimu, mwenye duka, alikuwa na maneno kama kawaida yake.

"Vipi, kekeo wenu amesharipoti kazini? Au mwaka huu amestaafu?"

"Amestaafu," Salme akasema, akalipa haraka.

Aliporudi alimkuta Heino amesimama langoni bila kofia.

"Saa nne ulikuwa wapi?"

"Dukani. Si niliaga?"

"Saa nne kamili?"

"Nilikuwa kwenye foleni kwa Maimu. Kuna nini?"

Heino alitangulia ndani, akainua simu, akapiga namba huku Salme amesimama na mfuko mkononi. "Maimu, Heino hapa. Mke wangu alifika kwako leo? ... Saa ngapi? ... Una hakika?" Alikata simu. Akafungua daftari, akaandika tarehe, saa, na upande wa kaskazini wa kinamasi. Mwandiko ulikwenda upogo.

Kwa hiyo kekeo alikuwa amekuja. Ametoka misitu ya Kongo, amevuka jangwa na bahari, amefika, na Salme hakuwepo. Lakini hilo silo lililomkaa kifuani. Miaka arobaini na moja ya ndoa, na leo mumewe amemuulizia dukani kama mwizi wa kuku.

"Na kesho akilia tena," alisema, "utampigia nani?"

Heino alifunga daftari. "Sijui, Salme. Kweli sijui."

Viazi havikuweza kungoja zaidi. Siku ya pili Salme alitoka na jembe, na baada ya muda Heino akaja na ndoo ya mbegu, akawa anadondosha kiazi kimoja kimoja kwenye mfereji aliochimba mkewe. Walifanya mistari mitatu.

Ndipo sauti ikatoka kinamasini, nene, karibu kabisa. Ku-kuu.

Salme alikuwa ameinama anafukia udongo. Kabla hajajua anafanya nini, alijikuta amenyoosha mikono yote miwili juu, vidole vimetanuka, kila mtu avione. Akabaki hivyo. Ndege aliendelea kulia na wala hakuna aliyemhesabu.

Heino alimtazama. Uso wake ukabadilika, kama mtu aliyeona jeraha ambalo hakujua ni yeye aliyelifanya.

"Shusha mikono," alisema. "Salme, shusha mikono, tafadhali."

Alishusha. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiwiko kwa sababu viganja vilikuwa na udongo. Heino akasogea, akasimama karibu naye, asijue pa kuuweka mkono wake ule mzima. Mwishowe akauchukua mpini wa jembe.

"Pumzika kidogo," alisema. "Huu uliobaki nitajaribu mimi."

Mto wake ulibaki kwenye sauna hadi mwisho wa mwezi. Siku aliyourudisha ndani, Salme alisogea tu upande wake wa kitanda akampisha.