Zima, Mtu Anapita

Mdogo wangu Hiza alipoleta lile gari Sindeni, nilimwambia mbele za watu kwamba amenunua sifa. Lilikuwa jekundu, liko chini, na milango yake ya nyuma ilifunguka kinyume kama kabati. Petroli lilibugia, oili lilibugia, ila likinguruma watoto waliacha mpira wakaja kutazama. Sisi wengine tunapanda bodaboda na matela ya trekta, yeye analeta kitu cha kupigia picha!

Fundi wake alikuwa Kasmiri wa Korogwe. Siku moja alitufungulia injini ya namna ile iliyokwisha kufa, akatuonyesha kuwa ndani haina pistoni hata moja. Kuna chuma cha pembe tatu kinachozunguka, na kwenye kila pembe pana sili nyembamba kama ukucha.

"Uzuri wake, dada, ni ndogo, haitikisiki, na nguvu inayo," alisema. "Ubaya wake ndiyo hizi sili. Zikilika, mgandamizo unavuja. Ndiyo maana inachoma oili makusudi, ili zisisagike upesi. Mafuta inakunywa, moshi inatoa. Kampuni zilihangaika nayo, karibu zote zikachoka. Wewe barabarani unaziona ngapi?"

Kisha akamgeukia Hiza. "Na yako imeshalika. Ikiwa ya baridi itawaka. Ikiwa ya moto ukaizima, usinipigie simu. Kaa chini usubiri ipoe."

Hiza alicheka. Tangu siku hiyo aliingia dukani kununua sukari huku gari linanguruma nje, na watu wakasema anaringa.

Mama yetu, Raheli, alikuwa anavuna mahindi alipoumwa mguuni na koboko. Zahanati walituambia dawa ya sumu hawana, tuwahi Korogwe. Nilimpakata kwenye kiti cha nyuma cha gari la Hiza. Kope zake zilikuwa zimeanza kulemea na maneno yanatoka kwa shida. Njia ya vumbi kwenda kwenye lami ni mashimo matupu, kwa hiyo Hiza alikwenda kwa kupapasa, na jua la mchana likaichemsha ile injini.

Hatujaifikia lami tukakutana na jeneza. Walikuwa wanakwenda kumzika mzee Jacob, wamejaa njia nzima, wanaimba. Kwetu ukikutana na msiba unasimama pembeni na kuzima mpaka maiti apite. Hata madereva wa malori ya mkaa, watu wasio na adabu, huzima. Hiza alisogea pembeni, lakini hakuzima.

"Zima, mwanangu," mama alisema.

"Mama, nikizima hili..."

"Zima. Mtu anapita."

"Usizime!" nilifoka. "Jacob keshakufa, huyu bado!"

Mama alinibana mkono kwa nguvu ambayo sikujua kama bado anayo. "Jacob nimelima naye. Simngurumii. Na mimi nitapitishwa hapa hapa."

Hiza alinitazama kwenye kioo, macho yamemjaa machozi. Akazima.

Jeneza lilipita polepole. La mwisho kupita lilikuwa kundi la wanawake na mashada yao, ndipo Hiza akapiga stata. Injini ilizunguka, ikazunguka, isishike. Waombolezaji walirudi kusukuma. Gari la gia za oto haliwaki kwa kusukumwa, lakini walisukuma hivyo hivyo, kwa huruma tu. Hiza alifungua boneti, akavua shati, akawa anaipepea injini. Nilitamani kumzaba kofi. Hata mama nilimkasirikia, Mungu anisamehe.

Godlisten, kijana wa bodaboda aliyekuwa msibani, alisema tusingoje. Tulimweka mama katikati kwenye pikipiki yake, mimi nikamkumbatia kwa nyuma. Nilimsikia anavyoitafuta pumzi. Baadaye sikumsikia tena, nikajiambia ni kelele za pikipiki.

Nyuma yetu honi ikalia. Hiza alikuwa anakuja na vumbi lake, kichwa nje ya dirisha, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Limewaka, dada! Mlete mama! Limewaka!"

Godlisten alisimama. Mama alikuwa amelala mgongoni kwake, na nilipomgeuza uso, mdomo ulikuwa wazi na hautoi kitu. Hiza aliona mwenyewe.

Tulimrudisha kwa gari lile lile. Njiani tulipishana na pikipiki mbili. Zilituona tunalia, zikakaa pembeni, zikazima.

Nyumbani wanawake walimpokea mama, kilio kikaanza. Hiza alibaki kwenye usukani, injini inanguruma. Wazee walimsihi azime, huu ni msiba. Alitikisa kichwa tu. Nilikwenda dirishani nimseme kama nilivyozoea, nikaishia kumshika bega, nikarudi ndani.

Gari liliendelea kunguruma uani mpaka petroli ikaisha. Hapo ndipo aliposhuka, akaja kumwona mama.