Maji ya Heshima

Maji yalinifika magotini, na hayakupaswa kufika hapo.

Nilisimama katikati ya kijito cha kwetu, fimbo ya chuma yenye alama za kina ikiwa wima mbele yangu, na kigurudumu chake kikizunguka chini ya maji kwa kasi iliyonikera. Kipimo kile kingeamua jambo moja: kama mkondo ungebaki na nguvu baada ya bustani za mama na majirani kunywa, kiwanda cha ngozi kingeruhusiwa kuvuta maji, tena kutoka upande wa juu wa bustani hizo. Mimi niliyekulia pale niliijua kasi ya kiangazi. Haikuwa ile.

"Safi kabisa!" mkuu wangu alisema ukingoni. Ofisini tulimwita Bwana Twende. "Toka, dada, twende."

Nyuma yake mama alikuwa akitabasamu kama mwenye arusi.

"Mama, mmefanya nini?"

"Tumefunga mifereji yote ya bustani tangu alfajiri. Mwanangu aje na mgeni kupima mto, aukute umekonda? Aibu hiyo angeibeba nani?"

Nilitamani kupiga yowe. Walikuwa wameniandalia mto kama mtu anavyomtandikia mgeni kitanda, na heshima hiyohiyo ingekausha mboga zao.

Nikamweleza mkuu.

"Kilichopimwa kimepimwa," akasema, akichezesha funguo za gari. "Tukirudia kila bibi anapofunga mfereji, tutazeekea hapa."

"Mama, fungueni. Yote."

"Kwa hiyo tumekuharibia kazi?"

"Fungueni tu, mama."

Akaondoka mbio, viatu mkononi. Bwana Twende akawasha gari, akapiga honi, akazima. Fimbo ilitolewa ghalani kwa saini yake. Asingethubutu kurudi bila hiyo. Nikaikumbatia.

"Umeota mizizi humo?"

Leo nina wajukuu, na nimewafunza kwamba mkubwa akiuliza hujibiwa, lakini siku ile nilizidi tu kuikumbatia fimbo.

Huko juu ukafunguliwa mfereji mmoja, kisha mwingine. Maji yakaanza kunishuka miguuni, polepole mno, kana kwamba nayo yananifanyia inda. Bwana Twende akarudi ukingoni, uso kaukunja.

"Haya, pima basi tuondoke!"

"Bado, mkuu. Mboga hazijamaliza kunywa."

Akatazama saa, akatazama gari, kisha akaketi juu ya jiwe na kuanza kufungua kamba za viatu, kama mtu aliyekubali kungoja.