Gari la Mbele

Katika klabu ya Pijo, ya wenye magari ya Peugeot, gari la mbele halikuwa cheo cha mchezo. Likikwepa, wote nyuma hukwepa. Likisimama, wote husimama, hata kama hawajaona sababu. Wanachama wa Kitale na wenzao wa Bungoma walikubaliana hivyo tangu mwanzo, na tangu mwanzo gari la mbele lilikuwa la Wamalwa, Pijo 504 ya rangi ya maziwa. Kabla ya kustaafu alikuwa ameendesha malori ya mahindi kutoka Kitale hadi Lodwar kwa miaka mingi, na hakuna aliyeijua barabara ya jangwani kumshinda.

Ilikuwa wikendi ya Kenyatta Dei, mwaka wa 2006. Magari matano yalikutana Kitale, karibu na mtaa wa Tuwan, alfajiri ya Ijumaa. Nabwile, mke wa Wamalwa, alikuwa akifunga chupa ya chai kwa leso isigongane na sufuria. Kipkorir, mkulima wa Saboti, aliegesha gari lake nyuma yao. Ndani mlikuwa na mkewe Chelagat na watoto wao watatu, wakigombania dirisha.

"Mama Nekoye!" Kipkorir akamwita Nabwile. "Leo tena ni redio mpaka Lodwar?"

"Redio haina betri," Makokha, rafiki wa Wamalwa, akadakia kutoka kiti cha mbele cha gari la Kipkorir. "Betri imebaki nyumbani Bumula."

"Wewe shemeji nyamaza," Nabwile akasema. "Mtu gari yake imelala gereji, amebebwa kama gunia la viazi, ndiye anacheka redio ya wenyewe?"

Walicheka wote, Makokha akizidi wengine. Yeye na Wamalwa walikuwa bakoki, walitahiriwa msimu mmoja, na utani wa Nabwile aliupokea kama haki yake.

Walimwita Nabwile Redio kwa sababu garini hakunyamaza. Aliona ng'ombe, akasema ng'ombe. Aliona baiskeli, akauliza yule si kijana wa fulani, mbona amebeba miwa mingi hivyo. Watu walidhani ni mdomo tu. Hawakujua ulianza lini.

Ulianza Jumapili moja, wakitoka kanisani Bumula, Wamalwa alipompita mwendesha baiskeli karibu sana hata kioo cha pembeni kikakwaruza mkono wa yule mtu. Wamalwa hakupunguza mwendo. Nabwile alimtazama, akaona usoni mwake kwamba hakujua amempita mtu. Baadaye alianza kuyatambua mengine: kikombe alichokipangusa mezani kwa kiwiko, mlango wa jikoni aliougonga kwa bega. Mbele aliona vizuri, hata jina kwenye basi la mbali alilisoma. Pembeni ndiko kulikokuwa kukifunga, pande zote mbili, kama mapazia yanayovutwa polepole. Nabwile hakumwambia kitu. Alianza tu kuongea. Naye Wamalwa, kila mkewe aliposema ng'ombe, alipunguza mwendo, bila kuuliza ng'ombe yuko wapi.

Waliishi hivyo mwaka mzima na zaidi.

Walipita Kapenguria kukiwa na baridi, wakateremka milima hadi Marich, na huko chini joto likawapokea kama pumzi ya tanuri. Kainuk walichukua askari wawili wa kuwasindikiza kwa hofu ya majambazi, nao wakaketi gari la mwisho. Baada ya hapo nchi ilifunguka. Mchanga mwekundu, miiba, vichuguu virefu vilivyosimama kama mabomba ya moshi, na mbali kabisa milima ya samawati isiyosogea hata ukienda saa nzima. Lami ilikuwa imebaki mabaka mabaka. Magari yalipita kando yake, mchangani, kwenye njia zilizochorwa na malori.

"Ngamia, Baba Nekoye. Wawili, kulia. Mmoja ana mtoto, maskini, miguu kama..."

"Mama Nekoye." Wamalwa hakugeuka. Alikuwa anatabasamu, jambo ambalo siku hizo lilikuwa nadra. "Hii barabara ni yangu. Leo pumzisha mdomo."

Nabwile alimtazama. Mikono ya mumewe ilikuwa imelala juu ya usukani bila kuubana, kama zamani. Alijua mume huyu hakuwa amebakiwa na kitu kingine kilichofanana na hiki. Akasema moyoni, acha awe nayo leo. Akajiegemeza kitini, akafunga mdomo, na kwa muda mrefu mambo yakaenda vizuri. Wamalwa aliitaja mito mikavu kabla hawajaifikia. Alijua mahali pa kubadilisha gia. Alianza hata kupiga mluzi.

Lakini barabara ilikuwa imehama. Mvua ya mwaka uliopita ilikuwa imekula kivuko cha zamani cha mto mmoja kabla ya Lokichar, na malori sasa yaliteremkia chini zaidi, pale ambapo wanawake wa Kiturkana huchimba maji mchangani. Wamalwa aliufuata mkondo mpya wa matairi, macho mbele, akaushika mteremko kwa kasi ya zamani.

Nabwile aliona kichwa. Kichwa cha mtu, peke yake, kimetokeza juu ya mchanga upande wa kushoto.

"Mtu!"

Wamalwa alivuta usukani. Gari liliyumba, likaponda kitu kilicholia kama bati, likazama mchangani na kuzimika. Nyuma, mmoja baada ya mwingine, wenzao walisimama.

Mwanamke alikuwa ametoka kwenye shimo lake la maji, mzima. Kilichopondwa kilikuwa debe lake. Hakupiga kelele. Alitembea hatua chache hadi kwenye kitambaa kilichotandazwa ukingoni mwa shimo, akainua mtoto mchanga aliyekuwa amelala hapo, akamfuta mchanga usoni. Alama ya tairi ilipita kando ya kitambaa hicho, na kati yake na kitambaa mtu asingeweza kupitisha miguu miwili.

Walimwomba msamaha kwa midomo na kwa mikono. Wakampa mtungi wa plastiki, maji, mikate, pesa. Alivipokea bila kuwatazama, akaondoka.

"Ni jua," Wamalwa akasema. "Liliniingia machoni."

Jua lilikuwa limesimama juu kabisa, katikati ya mbingu. Makokha alitazama chini, akasugua mchanga kwa kiatu.

"Pole mzee," Kipkorir akasema. "Jua la huku ni shida, bana. Tusukume gari, kisha utuongoze polepole, tufike Lodwar mapema."

Watoto wake walikuwa wametoa vichwa dirishani, vitatu, wakitazama. Wamalwa alifungua mlango wake akashika usukani, tayari kusukumwa.

"Si jua," Nabwile akasema.

"Mama Nekoye." Alimwita taratibu, kama mtu anayemwita mwenzake aliyekaribia ukingo wa shimo.

"Si jua. Baba Nekoye haoni pembeni. Mwaka wa pili sasa. Mimi ndiyo nimekuwa macho yake, na leo nilinyamaza."

Kipkorir alimtazama Nabwile, kisha Wamalwa, kisha watoto wake. Alikuwa mtu wa heshima, asingemkaripia mzee. Alirudi tu kwenye gari lake, akawaambia watoto waingize vichwa, akapandisha vioo kimoja kimoja.

Wamalwa alichomoa ufunguo. Hakumpa mtu. Aliuweka juu ya kiti cha dereva, akazunguka gari, mkono ukipapasa boneti, hadi upande wa abiria.

Walilisukuma gari hadi likatoka mchangani, Kipkorir akaongoza. Makokha aliendesha 504 ya rangi ya maziwa, ya mwisho kabisa, hata nyuma ya askari. Nabwile aliketi nyuma. Ngamia walipita, mbuzi wakapita, na hakuwataja.

Lokichar walisimama kwenye kivuli cha duka. Makokha aliingia kutafuta soda. Wamalwa aliegemea gari, uso ukielekea walikotoka.

"Ungeniambia mimi kwanza," akasema.

"Ulikuwa unajua, Baba Nekoye."

"Nilijua. Lakini hukuniambia. Mwaka wote umeniambia ng'ombe, umeniambia baiskeli. Hilo umeliweka ukawaambie watu."

Nabwile alitafuta la kujibu. Angeweza kusema aliogopa kumvunja, na ingekuwa kweli. Angeweza kusema aliwawaza watoto watatu wa Kipkorir. Nayo ilikuwa kweli. Hakuna hata moja lililotosha, akanyamaza, na kunyamaza kwake kukamuuma kuliko kule kwa kwanza.

Makokha alirudi na chupa tatu zikitoka jasho. Moja alimpa Nabwile, nyingine akaiweka juu ya boneti, kushoto kwa rafiki yake. Wamalwa alinyoosha mkono, akashika hewa, akapapasa bati lililochoma kwa jua. Siku zote mkono ukikosa kitu aliurudisha haraka, akajifanya anajikuna. Safari hii aliuacha palepale.

"Bakoki," akasema, "hiyo soda umeiweka wapi?"

Makokha alimtazama Nabwile kwanza. Nabwile aligeuza uso, akatazama jangwa.

"Kushoto, bakoki," Makokha akasema. "Songeza mkono kidogo."