Mlango wa Mashine Usifungwe

Mashine ya kufulia iliposimama na maji tumboni, seremala hakushangaa. Tangu amzike mkewe, hakuna kitu katika nyumba ile kilichokuwa na uwezo wa kumshangaza tena. Aliegemea ukuta wa bafu, akaitazama shuka ikielea nyuma ya kioo, akasema, "Haya. Na wewe umechoka. Tuko wawili."

Kisha akaanza kuwalaani watu wa idara ya maji. "Wao wanakunywa ya chupa, sisi wanatumwagia tope bombani! Mashine gani itastahimili?"

"Mkwe!" Sauti ilitoka chumba cha pili, alikolala mama wa marehemu mkewe. Miguu yake ilikuwa imegoma siku nyingi, ila ulimi haukupata habari hizo. "Mbona kimya?"

"Inapumzika, mama."

"Haipumziki na nguo tumboni, baba. Imekufa?"

Seremala akabonyeza kitufe tena, maana bila mashine bibi yule asingeweza kukaa pale. Kila asubuhi jirani mmoja wa kike alikuwa akija kumsafisha, akiviringisha shuka na kuzitia kwenye kapu lenye kifuniko. Seremala alikuwa akilimimina kapu mashineni huku ameangalia pembeni. Hivyo ndivyo aibu ya mkwe ilivyositiriwa: hakuona, hakushika. Kuzifua kwa mikono? Bora ardhi ipasuke, na mama mkwe angetangulia kuingia. Na shemeji yake, kaka wa marehemu, mkubwa fulani huko huko idara ya maji, alishatamka: siku mashine ikifa, mama anahamia kwake, ghorofani, ambako watu hutoka alfajiri na kurudi na giza. Jioni hiyo alikuwa anakuja. Mama akiondoka, seremala asingebaki na mtu hata mmoja wa kumwambia, "Unakumbuka alivyokuwa akicheka?"

"Kijimlango cha chini umekifungua?" bibi akauliza.

"Kijimlango gani?"

"Ee Mungu wangu! Umeishi nacho miaka yote hiyo, kijimlango gani! Mwanangu alikuwa akikifungua kila mwisho wa mwezi. Nilikuwa nasikia beseni likiburutwa."

Seremala akachomoa waya ukutani, akapiga magoti kwa kuguna. Kweli, chini kabisa palikuwa na kijimlango, na ndani yake kizibo cha chujio. Akalegeza kidogo kidogo, maji yenye harufu ya bwawa bovu yakatiririka kwenye beseni. Kisha kikatoka kizibo chenyewe, na nyuma yake bonge la unga wa mbao, na skrubu. Skrubu juu ya skrubu.

"Nini hicho?"

"Uchafu wa watu wa maji, mama."

"Tope gani hilo linalogonga beseni?"

Akaokota skrubu moja, akaigeuza. Kila jioni mkewe alikuwa akiipekua mifuko ya ovaroli lake huku akilalamika, naye akidhani ni mdomo tu. Alipogeuza mpira unaozunguka mlango wa kioo, akaukuta umeota ukungu mweusi. Marehemu hakuwa akiufunga mlango ule baada ya kufua, ili ndani pakauke; ni yeye aliyekuwa akipita na kuubamiza: "Mashine si kinywa cha mlevi, kukaa wazi!"

Alipofungua mpira wa kuingizia maji, akakuta kichujio kidogo kimezibwa na tope jekundu. Hapo moyo wake ukafurahi kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Tope lile akalikung'uta kwenye sahani ndogo. Beseni la skrubu akalisukuma nyuma ya mlango.

Shemeji alifika viatu vikimeremeta. "Shemeji, hujambo? Mama amefungasha?"

"Karibu. Onja kwanza mapishi yenu." Akampa sahani.

Shemeji akachungulia. "Mtambo wa kusafishia unatengenezwa."

"Unatengenezwa tangu dada yako yu hai."

"Mkwe," bibi akaita taratibu, "muoneshe na beseni."

Hakuna kitu kizito kama beseni la makosa yako mwenyewe. Seremala akalivuta. Shemeji akacheka hadi akashika ukuta. "Kumbe unafua duka zima la vifaa vya ujenzi!"

Seremala akarudisha kizibo na mpira wa maji, akachomeka waya, akawasha mashine. Ikavuta maji, ikazungusha, ikayatoa. Ilipoanza kukamua, ikatetemeka, ikaruka, ikaanza kutembea kuelekea mlangoni.

"Hata yenyewe inakukimbia," shemeji akasema, akigeukia chumba cha mama. "Twende tu, mama."

"Ngoja!" Seremala akaizima, akainama tena. Mguu mmoja wa mashine ulikuwa unaning'inia. Karatasi ngumu aliyoikunja marehemu na kuitia chini yake ilikuwa imeoza. Meza ngapi za watu alizisimamisha sawa, na mashine yake nyumbani ikisimamishwa kwa karatasi! Akaleta pima maji yake ya kupimia usawa, akaiweka juu ya mashine, akazungusha mguu ule hadi kipovu kikatulia katikati. Akawasha.

Mashine ikavuma mahali pamoja, kama mtu anayeimba akiwa na kazi zake.

"Ndiyo sauti yenyewe," bibi akasema. "Ya enzi za mwanangu. Mimi sihami."

Shemeji akatazama saa. "Haya, abaki. Lakini nikisikia tena..."

"Utasikiaje, na huku huji?" bibi akadakia.

Shemeji alipoondoka, seremala akatoa shuka. Ilikuwa safi, na shuka safi haina aibu, akaianika. Aliporudi, mkono wake ukaukamata mlango wa mashine.

"Usifunge, baba!"

Akauacha wazi. Akaupangusa ule mpira kwa kitambaa kikavu, polepole, mgongo ukimuuma. Akaingiza mkono mfukoni mwa ovaroli, akatoa skrubu moja, akaiweka dirishani.

"Lakini maji yao machafu, mama," akasema.

"Machafu mno," bibi akaitikia.